Mrija Wenye Taa na Mdudu Aliyejificha Tumboni

Kuhara damu si ugonjwa mmoja. Ni dalili, nayo dalili hiyo hutokana na maradhi mengi yasiyofanana. Mtu mmoja huhara damu kwa sababu ya amiba, mwingine kwa sababu ya kichocho cha matumbo, mwingine kwa sababu ya minyoo, na mwingine kwa sababu ya bakteria walioingia katika chakula au maji. Tena wako watu wanaotokwa na damu ingawa hawana mdudu yeyote tumboni: wana bawasiri, au saratani, au ule uvimbe wa utumbo mpana ambao haukuletwa na mdudu. Wote hawa humwambia daktari neno lile lile, ya kuwa tumbo linasokota na choo kina damu. Lakini dawa imponyayo mmoja haimponyi mwenziwe, na pengine yaweza kumwua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya daktari si kutoa dawa, bali ni kumtambua adui. Mazungumzo haya yaeleza jinsi adui huyo atambuliwavyo, na hasa jinsi madaktari watumiavyo mrija wenye taa kutazama ndani ya utumbo wa mtu aliye hai. Kipimo hicho huitwa endoskopi. Watu wengi wamekisikia, wengine wanakiogopa, na wengine wanadhani ya kuwa kinaonyesha kila kitu. Yafaa kila mtu ajue kinaweza nini na hakiwezi nini.

WADUDU WENYEWE NA MAHALI WAKAAPO

Katika Kenya kuna kichocho cha namna mbili. Cha kwanza ni kile cha kibofu, ambacho humfanya mtu akojoe damu. Hiki chajulikana sana katika sehemu za Pwani na bonde la Mto Tana. Cha pili ni kichocho cha matumbo, nacho hupatikana kando ya Ziwa Victoria, katika sehemu za Machakos na Kitui, na katika mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo yalianza kulimwa kwa maji ya mifereji katika miaka ya 1950. Katika maji hayo huishi konokono wadogo wanaobeba mbegu za ugonjwa. Mtu akiingia majini kuvua, kufua, kuoga, kulima mpunga au kuosha gari, vijidudu vitokavyo kwa konokono hupenya ngozi yake bila yeye kusikia maumivu makubwa. Huingia katika damu, hukua, na mwisho hukaa wawili wawili, dume na jike, katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mnyoo wa kichocho una urefu wa kama sentimita moja tu, lakini waweza kuishi miaka mingi, na jike hutaga mayai kila siku.

Jambo la kukumbuka ni hili: mnyoo wa kichocho haukai ndani ya utumbo penye chakula, bali ndani ya mishipa ya damu. Mayai yake, ambayo yana mwiba ubavuni, hupasua njia katika nyama ya utumbo yapate kutoka pamoja na choo. Karibu nusu ya mayai hayo hayafanikiwi kutoka. Hukwama katika nyama ya utumbo, au huchukuliwa na damu mpaka katika ini, na huko ndiko yaletako madhara makubwa.

Amiba ni mdudu wa namna nyingine. Haonekani kwa macho, na mwili wake ni kama tone la uteute linalojisukuma. Huingia kwa kinywa pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kisha hushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana na kuutoboa vidonda. Daktari wa Kirusi, Fedor Lösch, alimwona amiba huyu mwaka 1875 katika choo cha mgonjwa wa kuhara damu katika mji wa St Petersburg.

Yupo pia mnyoo aitwaye mnyoo wa mjeledi, kwa sababu upande mmoja wa mwili wake ni mnene kama mpini na upande wa pili ni mwembamba kama kamba ya mjeledi. Huo upande mwembamba huuchomeka katika utando wa utumbo mpana. Na katika utumbo mwembamba hukaa minyoo iletayo safura, ambayo hung'ata utando na kunyonya damu hata mtu akawa mweupe viganjani, mchovu, na mwenye kuhema akipanda kilima kidogo.

KIPIMO CHA KWANZA NI CHOO

Mtu asidhani ya kuwa akiumwa tumbo yapasa apelekwe moja kwa moja kwenye mrija. Kipimo cha kwanza ni choo, nacho hufanywa hata katika zahanati nyingi zenye maabara ndogo. Mtaalamu wa maabara huchukua choo kidogo, hukipaka juu ya kioo, na kukitazama kwa hadubini. Yai la kichocho lina mwiba wake, yai la mnyoo wa mjeledi lina umbo la pipa lenye kizibo kila upande, na yai la safura lina ganda jembamba. Kila mdudu ana alama yake, na mtaalamu mwenye mazoea huzisoma kama mtu asomavyo herufi.

Lakini kazi hiyo huharibika mara nyingi kwa makosa ya mgonjwa mwenyewe. Kosa la kwanza ni kuleta choo kilichokaa. Amiba aliye katika choo cha majimaji hutembea akiwa hai, na huko kutembea ndiko kumtambulishako. Choo hicho yafaa kitazamwe katika muda wa nusu saa tangu kilipotoka. Kikiletwa baada ya saa nyingi, amiba amekwisha kufa na umbo lake limeharibika, na mtaalamu ataandika ya kuwa hakuona kitu. Kosa la pili ni kumeza dawa kabla ya kupimwa. Mtu hununua vidonge dukani, humeza viwili au vitatu, kisha asipopona huenda hospitali. Vidonge hivyo vichache havikumwua adui, lakini vimemfanya ajifiche. Kosa la tatu ni kupima mara moja tu na kukata tamaa, kwa maana wadudu hawa hawatoki kila siku kwa kiasi kimoja. Ndiyo maana daktari huomba choo cha siku tatu mbalimbali.

KWA NINI PENGINE CHOO HAKITOSHI

Hata mgonjwa akifuata maagizo yote, choo chaweza kutoonyesha kitu. Hesabu ndogo itaonyesha sababu yake. Katika kipimo kinachotumika sana kutafuta mayai ya kichocho, kiasi cha choo kinachotazamwa juu ya kioo kimoja ni miligramu 41.7, yaani punje ndogo tu. Sasa chukua mfano wa mtu mwenye jozi moja tu ya minyoo. Jike akitaga mayai 200 kwa siku, na nusu yake yakabaki mwilini, mayai 100 tu ndiyo yatakayotoka. Ikiwa mtu huyo hutoa choo cha gramu 200 kwa siku, basi kila gramu mbili zina yai moja. Na gramu mbili ni sawa na vioo 48. Kwa hiyo mtaalamu aweza kutazama kioo baada ya kioo asione yai, na hali mtu huyo ana kichocho kweli.

Kwa wenye minyoo mingi shida hiyo haipo, maana mayai ni tele. Lakini mtu mwenye minyoo michache, au aliyeugua miaka mingi hata utumbo wake ukawa na makovu, aweza kupimwa choo mara tatu na kuambiwa hana kitu. Siku hizi kuna pia kipimo cha mkojo kinachotafuta alama za mnyoo hai wa kichocho cha matumbo, na kuna vipimo vya choo vinavyotafuta alama za amiba. Vipimo hivyo vimesaidia sana. Lakini ikiwa damu yaendelea kutoka, mgonjwa anakonda, na sababu haijulikani, hapo ndipo daktari husema: yafaa utumbo wenyewe utazamwe.

JINSI MRIJA ULIVYOPATIKANA

Zamani hakukuwa na njia ya kuona ndani ya tumbo ila mtu awe amekufa. Katika mwaka 1851, daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kasr el Aini mjini Cairo, nchi ya Misri. Alipokuwa akipasua maiti ili kujua sababu za vifo, aliona minyoo myeupe katika mshipa mkubwa wa damu uendao katika ini. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutambua mnyoo wa kichocho, na kwa ajili yake ugonjwa huu huitwa bilhazia. Ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya jinsi ya kuambukizwa kujulikana. Mwaka 1915 Robert Leiper, Mskoti, alionyesha huko huko Misri ya kuwa ugonjwa hupitia kwa konokono wa majini.

Wakati huo huo wako waliokuwa wakitafuta njia ya kutazama ndani ya mtu aliye hai. Mwaka 1806 Philipp Bozzini, daktari wa Frankfurt, alitengeneza bomba lililomulikwa kwa mshumaa. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul aliingiza bomba lililonyooka katika tumbo la mtu aliyezoea kumeza panga mbele ya watazamaji. Mabomba hayo yalikuwa magumu kama chuma, na utumbo haukunyooka. Kwa muda mrefu daktari aliweza kutazama sehemu ya mwisho tu ya utumbo mpana, kama sentimita 25 kutoka nje.

Mambo yalibadilika ilipogunduliwa ya kuwa nyuzi nyembamba za kioo zikifungwa pamoja huweza kupitisha mwanga hata zikipindwa. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, alionyesha katika Marekani mrija wa kwanza wa namna hiyo unaopindika. Mwaka 1969 William Wolff na Hiromi Shinya, katika mji wa New York, walianza kuutazama utumbo mpana wote kwa mrija mrefu. Mirija ya siku hizi ina kamera ndogo sana nchani mwake, na daktari hutazama picha katika kioo kama cha televisheni.

NAMNA KAZI IFANYWAVYO

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa kama mita moja na nusu. Ili daktari auone, hauna budi kuwa mtupu na safi. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa ale vyakula vyepesi, kisha vya maji tu, na hupewa dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka kiwe maji yasiyo na taka. Sehemu hii ndiyo ambayo wagonjwa wengi huilalamikia, lakini asiyeifuata hujidhulumu mwenyewe, maana taka kidogo tu yatosha kufunika kidonda. Mgonjwa amweleze daktari mapema kama ana kisukari, ugonjwa wa moyo au mimba, na kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande.

Siku ya kazi, mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto na kukunja magoti. Mara nyingi hupigwa sindano ya kumtuliza, naye husinzia. Daktari huingiza mrija polepole kwa njia ya haja kubwa, huku akipuliza hewa ndani ili kuta za utumbo ziachane. Hewa hiyo ndiyo iletayo kusokota kwa tumbo na haja ya kujamba, na si jambo la kuonea haya. Ndani ya mrija mna njia nyembamba, na katika njia hiyo daktari hupitisha koleo dogo la kukata vipande vidogo vya utando. Mgonjwa hasikii maumivu ya kukatwa, kwa sababu utando wa ndani wa utumbo hauna hisi ya kukatwa kama ngozi ilivyo. Kazi yote kwa kawaida huchukua kama nusu saa au zaidi kidogo.

Kama kazi zote za udaktari, hii nayo ina hatari zake. Mara chache damu hutoka zaidi ya kawaida, na mara chache zaidi utumbo hutoboka. Kwa ajili hiyo hufanywa na mabingwa waliofundishwa, katika hospitali yenye vyombo vya kumwokoa mgonjwa, tena baada ya mgonjwa kuelezwa na kukubali. Aliyepewa sindano ya kumtuliza asiendeshe gari wala mashine siku hiyo, na awe na ndugu wa kumpeleka nyumbani.

AYAONAYO DAKTARI

Katika utumbo wenye afya, utando wa ndani hung'aa, rangi yake ni waridi, na mishipa midogo ya damu huonekana kama matawi. Mdudu akiwamo, mambo hubadilika.

Mnyoo wa mjeledi waweza kuonekana kwa macho, mweupe, wenye urefu wa kama sentimita nne, kichwa chake kikiwa kimezama katika utando. Daktari aweza kuushika kwa koleo na kuutoa, naye hapo amekwisha pata ushahidi wake mkononi. Minyoo ya safura nayo pengine huonekana katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, pale mgonjwa mwenye upungufu wa damu anapotazamwa kwa mrija upitao kinywani.

Amiba haonekani, lakini nyayo zake huonekana. Huacha vidonda vilivyotengana, vyenye rangi ya manjano juu yake, na kati ya kidonda na kidonda utando huwa mzima au karibu na uzima. Mara nyingi vidonda hivyo hukaa mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia, mahali ambapo bomba fupi la zamani halikuweza kufika.

Kichocho nacho kina alama zake. Utando huwa mwekundu, wenye chembechembe kama mchanga, na madoa madogo ya damu. Pengine kuna vipele vidogo vya manjano, na kwa mgonjwa wa siku nyingi huota vinyama vinavyotoka damu kila choo kipitapo. Minyoo yenyewe daktari haioni, kwa sababu imo katika mishipa ya damu nyuma ya utando.

Na hapa ndipo lilipo jambo kubwa la mazungumzo haya. Mrija huonyesha kidonda, lakini kidonda hakisemi jina lake. Alama za kichocho zaweza kufanana na za maradhi mengine, na vidonda vya amiba vimewadanganya hata mabingwa. Ndiyo maana koleo ni la lazima kama taa ilivyo lazima. Kipande kidogo cha utando hubanwa katikati ya vioo viwili na kutazamwa kwa hadubini. Ikiwa ni kichocho, mayai huonekana na miiba yake. Tena mtaalamu hutazama kama kijidudu kilichomo ndani ya yai kingali kinacheza. Yai hai laonyesha ya kuwa minyoo ingali inataga. Yai lililokauka na kuwa jeusi laweza kuwa masalio ya ugonjwa wa miaka iliyopita, nalo halitoshi kusema ya kuwa damu ya leo yatoka kwa kichocho. Vipande vingine hupelekwa kukatwa vyembamba na kutiwa rangi, ili amiba atafutwe kingoni mwa kidonda.

HATARI YA KUKISIA

Pengine msikilizaji atauliza: ya nini taabu hii yote? Kwa nini mgonjwa asipewe dawa ya kila mdudu, akapona?

Jibu ni kwamba kuna ugonjwa wa uvimbe wa utumbo mpana ambao si wa mdudu. Ugonjwa huo huanza mwisho wa utumbo na kupanda juu bila kuacha nafasi nzima katikati. Mgonjwa wake huhara damu, hukonda na kusokotwa na tumbo, sawasawa na mgonjwa wa amiba. Dawa itumikayo mara nyingi kuutuliza ni ya jamii ya steroidi, ambayo hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana. Dawa hiyo humsaidia mwenye uvimbe. Lakini akipewa mwenye amiba kwa kudhaniwa kuwa ana uvimbe, amiba hupata nafasi ya kula utumbo bila kizuizi, na utumbo waweza kutoboka na mgonjwa akafa. Yuko pia mnyoo mwembamba sana aitwaye strongiloidi, ambaye aweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele, lakini mtu akipewa steroidi huzaana na kutawanyika mwilini mwote kwa hatari kubwa. Basi kuchukua choo, kuchukua kipande cha utando, na kungoja jibu la maabara si ukawivu wa hospitali. Ni ulinzi wa maisha ya mgonjwa.

Kosa la upande wa pili nalo lina madhara. Mtu mzima mwenye damu katika choo hujiambia ya kuwa ni amiba tu, maana jirani yake alikuwa na amiba. Kila mwezi hununua vidonge, na kila mwezi damu hupungua kidogo na kurudi. Mwaka wapita, na kumbe ni saratani iliyokuwa ikikua, ambayo ingaliweza kukatwa mapema kama ingalitazamwa mapema.

MTU ATAPIKAPO DAMU

Mrija hutumika vilevile kwa kupitia kinywani, na kwa mgonjwa wa kichocho hilo laweza kuwa jambo la kufa na kupona. Mayai yaliyochukuliwa mpaka katika ini huleta makovu baada ya miaka mingi. Makovu hayo huziba njia ya damu. Damu iliyozuiwa hutafuta njia nyingine. Bandama huvimba hata ikaonekana upande wa kushoto wa tumbo, na mishipa iliyo mwisho wa koo la chakula hutanuka na kuwa myembamba ya ganda. Siku moja mshipa hupasuka, na mtu hutapika damu nyingi ghafula. Wako watu wasemao ya kuwa mtu huyo amerogwa. Hakurogwa. Ni kichocho alichokipata utotoni alipokuwa akiogelea.

Mgonjwa wa namna hiyo asingoje kesho wala asipelekwe kwingine ila hospitali. Bingwa mwenye mrija aweza kuiona mishipa hiyo na kuifunga kwa vipete vidogo vya mpira, na damu ikakoma. Lakini ni heri asifike huko, na njia ya kutofika huko ni kupimwa na kutibiwa mapema.

AIBU NA UVUMI

Wengi hukataa kipimo hiki kwa aibu. Mzee huona si heshima kutazamwa sehemu ile na daktari aliye sawa na mwanawe, na mama huona haya zaidi. Heshima ni jambo jema, na hospitali haina budi kuitunza: mgonjwa afunikwe nguo, mlango ufungwe, na mwanamke akitaka muuguzi wa kike awepo karibu naye, aseme na asikilizwe. Lakini aibu isiyotaka daktari ajue ugonjwa humdhuru mwenye aibu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Uko pia uvumi ya kuwa mrija huchukua maradhi ya mtu mmoja na kuyatia kwa mwingine. Kanuni ya kazi hii ni kwamba mrija huoshwa na kutiwa dawa kali ya kuua vijidudu kila baada ya mgonjwa mmoja, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama jambo hilo limefanywa.

Liko pia jambo la gharama na umbali. Endoskopi hufanywa katika hospitali kubwa, na mtu wa shamba hana budi kusafiri. Kwa sababu hiyo isiombwe ovyo, wala isikataliwe inapohitajika. Mtoto mwenye minyoo hahitaji mrija. Kijana wa kando ya ziwa aliyeonekana mayai ya kichocho katika choo chake hahitaji mrija. Ahitaji dawa ya prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake, ambayo hospitali na mipango ya shuleni imekuwa ikiitoa. Mrija ni kwa yule ambaye damu haikomi, au anakonda, au amepungukiwa na damu bila sababu kujulikana, au ametibiwa na hakupona.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi, Mabibi na Mabwana, yafaa kila mwenye nyumba ayashike mambo haya machache.

Kwanza, anayehara damu aende hospitali kabla ya kumeza dawa ya dukani. Pili, apeleke choo kipya, na arudi siku zote alizoagizwa. Tatu, amwambie daktari mahali alipokulia na maji aliyoyaingia, hata kama ni miaka 20 iliyopita, maana mtu aishiye Nairobi leo aweza kuwa amebeba kichocho cha Mwea au cha ziwani. Daktari asiyeambiwa hilo hawezi kulikisia. Nne, akiambiwa ya kuwa utumbo wake hauna budi kutazamwa, aulize kila analotaka kuuliza, kisha asikimbie. Tano, akiisha kupata jibu, amalize dawa yote na arudi kupimwa tena. Dawa ya kichocho huua minyoo iliyokomaa lakini huacha michanga, na dawa imwondoayo amiba katika vidonda hufuatwa na nyingine ya kumfuta aliyebaki utumboni.

Na la mwisho: hakuna mrija, wala koleo, wala kidonge kitakachomlinda mtu anayerudi katika maji yale yale machafu. Choo kikichimbwa na kutumiwa, mayai hayafiki mtoni. Konokono asipopata mayai hana ugonjwa wa kumpa mtu. Maji ya kunywa yakichemshwa, na mikono ikioshwa kwa sabuni kabla ya kula, amiba hapati mlango. Mkulima wa mpunga akivaa mabuti, na watoto wakizuiwa kuoga penye konokono, watakuwa wachache sana watakaohitaji kulala juu ya kitanda cha yule bingwa mwenye taa.